Makubaliano ya Kupigana

Jumatatu, 1 Machi 1999
Mahakamani tena, kutafsiri. Kesi ya Kasongo, fundi cherehani wa Yeoville, hapa Johannesburg. Fundi mwenzake, Ilunga, alimwita mwizi mbele ya kanisa zima. Wakakubaliana ngumi, uani, watu wakitazama. Ilunga akaanguka, kichwa kikagonga saruji. Kasongo mwenyewe alimkimbiza hospitali. Hakupona. Nimechoka. Kiswahili chao cha Lubumbashi na changu cha Morogoro vinanitoa jasho.

Jumanne, 2 Machi
Wakili wa Kasongo kaenda mbali. Kasoma kesi za wakoloni, maofisa waliopigana kwa bastola kwa ajili ya heshima. Sheria iliita jambo hilo mauaji, hata kama wote wawili waliridhia. Ila wazungu wenzao waliokaa kuamua waliwaachia mara nyingi. Akauliza: "Heshima ya fundi je?"

Mwendesha mashtaka akainuka. Sheria hiyohiyo, kasema, iliwahesabu na wasimamizi wa wapiganaji, wale waliowasindikiza na kuwashikia vitu, kuwa wauaji.

Yote nikayatafsiri. Kwenye ngazi, mjane wa Ilunga, Mama Furaha, akanishika mkono. "Dada, ni miye nilimushikia koti. Basi na miye niliua?"

Mkalimani haruhusiwi kushauri. Nikautoa mkono wangu, nikashuka ngazi. Nimejichukia.

Alhamisi, 4 Machi
Mama Furaha kizimbani, kama shahidi. Angeweza kuficha. Hakuficha. "Nilimushikia koti. Nilimwambia: enda."

Hilo neno "enda" nililitafsiri kwa sauti ndogo, nikatakiwa kulirudia. Hakimu akasema hakuna anayemshtaki yeye. Nikamwambia polepole. Akalia mpaka kesi ikasimamishwa kidogo.

Ijumaa, 12 Machi
Hukumu. Kasongo ana hatia ya kuua bila kukusudia. Ridhaa ya marehemu haihalalishi kifo chake, ila imepunguza adhabu. Kifungo cha nje.

Koridoni Kasongo alimpigia magoti Mama Furaha. Nilidhani mama atamtemea mate.

"Simama," akasema. "Leo siwezi kukusamehe. Lakini simama."

Akasimama. Eish. Nilikwenda chooni kulia.

Jumapili, 14 Machi
Mvua tangu asubuhi. Watoto wanabishana kwa Kizulu, mume wangu kalala kwenye kochi. Nimepika maharage na wali. Mama Furaha kapita akitoka kanisani, viatu vimelowa. Kesi hatukuigusa. Kala yote, kisha akaomba kuongezewa. Nikampakulia.