Mzimu wa Sehemu ya Pili

Kaka,

Sisi hatujambo, na bomba la jikoni limeshapona. Jana nilimpeleka baba kuona sinema yako, sehemu ya pili ya mzimu wako. Kinyaa kitupu! Damu ni rangi ya mlango, na kabati letu la vyombo umelilaza chali eti jeneza. Hata kitasa hukukitoa. Ya kwanza nayo ilikuwa ya bei chee, lakini marehemu mama alijipaka unga akawa mzimu, na watu wakapiga mayowe. Safari hii mzimu ni shuka kwenye kamba.

Haya, hayo ningeyameza. Lakini shuka likaanza kuugulia na kuomba maji, na sauti ile naijua. Kumbe ulipokaa na simu kando ya kitanda cha mama siku zake za mwisho, sisi tukidhani unamliwaza, ulikuwa unamrekodi!

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba akainuka gizani, akipapasa viti: "Nakuja, mke wangu, nakuletea maji." Wakazidi kucheka.

Leo ameniuliza swali moja tu, nami nakutumia ulijibu mwenyewe: ulipomaliza kurekodi, ulimpa maji?

Dada yako.