Jemadari wa Lugalo na Mtani Wake

Jumatatu, 6 Agosti 1956 – Mbeya
Kasian ndiye atakayekuwa jemadari. Kanipa habari hiyo Mzee Kalinga, katibu wa kamati ya sherehe kule Iringa, kwa simu ya posta, sauti ikikatika. Sherehe ni ya kukumbuka vita vya Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walipowapiga Wajerumani. Mwaka huu hawataki hotuba tu. Vita vitachezwa uwanjani – mikuki, ngao, moshi. Wageni wanatoka Dodoma, hata Nairobi, na kamera zao. Mhariri ananituma mimi.

Nikauliza nani atakuwa Mtwa, chifu mwenyewe. Hakuna. Wazee wamekataa mtu yeyote kumwigiza. Kitawekwa kiti kitupu, juu yake ngozi ya chui. Basi macho yote yatakuwa kwa jemadari. Kasian, karani wa ghala la tumbaku!

Nikauliza nani anawafundisha waimbaji. Mwalimu Damari wa Kihesa, akasema. Nilikuwa najua.

Alhamisi, 9 Agosti – Iringa
Nimekuja kwa basi la Relwe, shirika la reli. Chimala tulisimama kubadili tairi; wauza mchele wanaijua sherehe kuliko mimi. Nimefikia hotelini kwa Muhidini. Barazani kwake wageni wanauziwa mikuki midogo ya mti, ncha imepakwa rangi ya fedha.

Niandike hapa, maana sina pengine pa kuandika. Tangu Pasaka nimekusudia kumposa Damari. Sijamwambia. Tunaandikiana barua. Zake zinaanza na “Kaka”.

Jumamosi, 11 Agosti
Mazoezi, Kalenga. Nilichoona: Damari akimpaka Kasian udongo mwekundu usoni, kwa vidole, bila haraka. Wapiganaji wengine walijipaka wenyewe. Kasian alisema neno, Damari akacheka mpaka akainama. Sikulisikia neno lenyewe.

Mimi Damari kaniuliza habari za safari, habari za kazi, habari za baridi ya Mbeya. Mimi ni kaka. Yule ni Kasian, basi.

Kasian alipojua mimi Mngoni alifurahi kweli. Wangoni na Wahehe ni watani: babu zetu waliuana, sisi tunatukanana na hakuna ruhusa ya kukasirika. Akasema tulikuja Uhehe kuiba ng'ombe, tukarudi Songea tumebeba ndugu zetu. Nikasema jemadari ana miguu ya korongo, Wajerumani wangeiona wangecheka, vita vikaisha. Uwanja mzima ulicheka. Damari pia.

Kwa usahihi: miguu yake haina kasoro.

Jumatatu, 13 Agosti
Habari ya kwanza imekwenda Mbeya. Kasian nimemtaja mara moja, kwa lazima. Jioni nilimwona Damari akipanda kwenda Kihesa kwa miguu. Kasian pembeni, anakokota baiskeli. Mtu ana baiskeli nzima – anaikokota kwa nini?

Jumamosi, 18 Agosti
Watu wengi mno. Wageni wamekalishwa kwenye viti vya shule, wenyeji chini. Kiti cha Mtwa kipo peke yake. Hata watoto hawakukisogelea. Vita vilichezwa vizuri. Niseme wazi: Kasian alicheza vizuri. Alianguka kama mtu aliyepigwa risasi, si kama mtu anayelala.

Wakamlaza juu ya ngao. Damari akaanza wimbo wa maombolezo, na akalia. Machozi ya kweli, nilikuwa karibu.

Nikatia daftari mfukoni, nikaingia uwanjani. Nikaketi juu ya zile ngao, mgongo wangu kwenye mbavu za marehemu. Nikasema huyu hazikwi mpaka nipewe jogoo. Nikasema mzoga wa Mhehe hata fisi wa Songea anaupita. Vicheko, vigelegele. Wanawake wazima wakasema sasa ndiyo msiba umekuwa msiba, mtani amefika. Wazungu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga picha. Marehemu mwenyewe alikuwa anatikisika kwa kucheka. Damari tu hakucheka.

Mzee Kalinga akaniletea jogoo wa mtu. Akanikumbusha, kwa adabu, kwamba mtani anayezuia maiti akishalipwa ndiye anayeibeba. Sehemu hiyo niliisahau. Nikambeba mgongoni, nikazunguka uwanja wote mpaka kwenye kiti kitupu. Mzito. Njiani akaninong'oneza niende polepole, nisije nikamuua kweli.

Watu walipotawanyika Damari alinipita na waimbaji wake. Akarudi hatua chache.

“Ule haukuwa utani, kaka.”

Akaenda.

Jumapili, 19 Agosti
Nimeandika habari yote. “Mtani mmoja wa Kingoni alizuia mazishi, kama ilivyo desturi.” Ni kweli, kila neno. Nimeisoma tena, sikuipenda. Nimeipeleka hivyo hivyo.

Mzee Kalinga asema kamati inataka mchezo uwe wa kila mwaka, na mtani awemo.

Jumatano, 22 Agosti
Kasian amekuja hotelini. Nilidhani anakuja kugomba. Aliagiza chai, akazungusha kofia mkononi, chai ikapoa. Anataka kumposa Damari. Baba wa Damari, Mzee Fanueli, ni mkali. Mwaka jana mshenga wa watu aliachwa amesimama nje mpaka akaondoka mwenyewe. Anataka mshenga niwe mimi.

Nikamuuliza kwa nini mimi.

“Mtani hafukuzwi mlangoni. Na umenibeba mbele ya watu wote. Nani atafikiri huniombei mema?”

Nikamuuliza kama Damari anajua. Huyu mtu hana hila hata kidogo, ndilo linaloniudhi. Akajibu mara moja:

“Ndiye aliyekutaja. Amesema, mpeleke kaka, yeye husema jambo kama lilivyo.”

Nilimwomba alirudie. Akalirudia, neno kwa neno. Sijui Damari ananifungia mlango au ananifungulia niseme langu. Nimelipima kila upande kama habari isiyo na shahidi wa pili.

Nimekubali. Kasian alinishika mikono yote miwili.

Basi la kesho nimeliacha. Mhariri nimempelekea simu kwamba nabaki kwa shughuli. Jumapili tarehe 26, baada ya ibada, kwa Mzee Fanueli, Kihesa. Kasian haruhusiwi kuonekana. Atangoja chini barabarani na baiskeli yake. Nitaingia peke yangu.