Chembe Ndani ya Jicho Langu

Szeged, 9 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Kálmán,

Pokea salamu za mdogo wako. Hali yako? Wifi na binti yenu Ilka hawajambo? Mimi mzima, ila mafua kidogo. Jemu ya plamu imefika salama, na nusu nimeshaila kwa kijiko bila mkate. Usimwambie wifi.

Kaka, nimepata! Ile nafasi ya uzamivu, ya kuchunguza jinsi ubongo unavyoona, ni yangu: miaka minne, ada na posho juu ya chuo. Nilipiga kelele ngazini mpaka mwenye nyumba akadhani nimeona panya.

Lakini nusura niipoteze. Desturi ya hapa, mwanafunzi mpya hulazwa kwanza yeye mwenyewe ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, ajue wanavyojisikia wale atakaowalaza. Mashine yenyewe ni sumaku kubwa. Fundi wake, mzee Ambrus, alinitania kwamba inang'oa hata meno ya chuma ya mama mkwe wake, kwa hiyo nijaze fomu vizuri. Swali mojawapo liliuliza kama chuma kimewahi kuniingia jichoni. Nikaandika hapana. Nikavua hereni, nikavua viatu, na pale mlangoni miguu ikagoma. Nikamwambia Ambrus ukweli huku nalia, kwamba chembe ya chuma iliwahi kuniingia jichoni.

Ambrus alinikaripia, akasema sumaku ingeivuta ile chembe na jicho ningeliacha humo ndani. Alipoitwa Profesa Szendrey nilijua basi, kwisha habari yangu. Mama yule akanipa kiti, akasema kulazwa ni desturi tu, ila fomu ile haidanganywi. Na kwa kuwa nimesema kabla ya kuvuka mlango, nafasi bado ni yangu. Eksirei ilionyesha chembe ipo. Wataitoa mwezi ujao.

Sasa sikia, kaka. Unakumbuka kiangazi kile jicho langu la kushoto lilivyovimba, nikasema ni vumbi la nyasi kavu? Nilidanganya. Nilikuwa nimesimama nyuma yako karakanani, wewe ukinoa jembe kwa mashine aliyokukataza baba, chembe ikaniruka jichoni. Hukuniona. Nilijua angekuchapa, nikanyamaza. Jicho hilo halijaona vizuri tangu siku ile.

Sikulaumu, wala sijawahi kukulaumu. Ningekufa na siri hii. Lakini nimeikuta picha mliyoiweka kwenye kifurushi cha jemu: wewe unanoa, cheche zinaruka, na Ilka yuko nyuma yako anacheka. Kaka, amesimama palepale niliposimama mimi. Nakuomba, mtoe pale leo hii.

Msalimie sana wifi. Na Ilka mbusu kwa niaba yangu, macho yote mawili.

Mdogo wako akupendaye,
Borbála