Nilisikia "Mpige"

Nina miaka sabini na nane, mshauri mpendwa, na nimewazika kaka zangu watatu, mke wangu, mashine mbili za kusaga, na yule daktari aliyesema vumbi la unga litaniua kabla sijafika hamsini. Yeye ndiye aliyetangulia, nami nilikwenda kutupa udongo kaburini kwake kwa mikono hii hii. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo unisamehe mwandiko, lakini akili sikuiacha shuleni. Naomba msaada wako.

Kazi yangu ilikuwa kusaga nafaka. Miaka arobaini na moja nimesimama kando ya mashine, na hakuna fundi aliyeijua mashine kama mimi, wenzangu walitaka spana na taa, mimi naweka kiganja tu najua beringi ipi inakufa na mkanda upi unataka kukatika. Mke wangu alikaa mlangoni akipokea wateja, na alikuwa na kitabia kimoja, Mungu amrehemu, cha kurudia maneno ya watu. Mtu akisema kitu, yeye anageuka ananirudishia kile kile karibu na sikio la kushoto, hata nyumbani, hata kwenye harusi za watu, nikawa namwambia mama watoto we, kasuku gani wewe, anacheka tu. Huu ni mwaka wa pili hayupo.

Tangu hapo nyumba imenyamaza mpaka inaudhi. Redio naifungulia mpaka mwisho, jirani anagonga ukuta. Binti yangu alikuwa anapiga simu kila Jumapili, namjibu ndiyo mama, ndiyo mama, siku hizi ananiandikia ujumbe mfupi kama wa idara ya maji. Na watu wa sasa wanaongea kwa kunong'ona, sijui ni adabu gani hii. Kwa kinyozi wakicheka nami nacheka, naondoka sijui tulicheka nini.

Huko kwa kinyozi ndiko nilikopata habari za nguruwe mwitu. Wameingia mashamba ya mahindi ya kando ya mto, shamba zima linalala kama limechapwa fimbo, na ofisi ya wanyamapori imekipa kibali kikundi kimoja kinachotoka kila Jumamosi asubuhi. Kiongozi wao ni askari wa misitu mstaafu, tunamwita Afande. Mwenye mbwa ni mama mmoja fundi cherehani. Kinyozi naye yumo, na ndugu wawili wakulima, ndio wenye hayo mahindi. Afande akaniuliza, "Mzee, umewahi kuwinda?" Nikamwambia, "Nguruwe kumi na mmoja, na wa kumi na mbili alijisalimisha mwenyewe." Wakacheka, wakanipokea. Bunduki ninayo, ya kaka yangu mkubwa, nimehamishiwa kihalali na karatasi zake zipo. Lakini ukweli ni kwamba maisha yangu yote nimewinda panya, tena kwa mtego, kwenye stoo ya mahindi.

Nikwambie kitu kingine, mimi nyama ya nguruwe siigusi, hata harufu yake siitaki. Ninachofuata ni baada ya hapo. Tukirudi tunakaa barazani kwa fundi cherehani, chai inamiminwa, kila mtu anasimulia yake, na mtu ananisukumia kikombe bila kuniuliza kama nataka.

Kazi nilijifunza kwa kuangalia, maana mtu wa nguruwe kumi na mmoja atauliza nini? Niliona wanapima upepo kwa kurusha majivu, kwa sababu nguruwe macho yake si kitu ila pua yake ni balaa, nikawaonyesha kwamba unga laini unapaa vizuri kuliko majivu, na tangu siku hiyo wanatumia unga, hilo ni langu, hawawezi kulikana. Nikajua wayo wa nguruwe na wa mbuzi, kwamba wa nguruwe kwenye tope una vidoti viwili nyuma. Nikajua kila mtu anapewa mahali pake pa kusimama na upande wake wa kupiga, na haruhusiwi kugeuza mtutu nje ya hapo.

Jumamosi ya sita nikawekwa kwenye kichuguu, Afande hatua thelathini kulia kwangu. Mbwa wakaanza, matete yakatikisika, akatoka nguruwe mkubwa kama meza. Afande akapiga kelele mara mbili, "Mpige! Mpige!" Nikapiga. Risasi ikamparuza tako tu, akageuka na hasira zake zote akamkuta mbwa wa kwanza, jike mmoja wa rangi ya majivu anayeitwa Utajua, akampasua paja. Kisha akaingia kwenye matete, na nyuma yake wakapita watoto wanne wenye michirizi mgongoni. Wale mimi sikuwaona kabla ya kupiga, majani yalikuwa marefu.

Afande akaja mbio. "Mzee, nimesema mpishe! Mpishe apite!"

"Umesema mpige. Nina masikio mawili."

"Mimi? Nikwambie upige jike mwenye watoto?"

"Ulisema mara mbili!"

Kinyozi akasema, "Masikio yake aliyasaga pamoja na mahindi huyu." Hilo nililisikia vizuri sana. Nikamwambia kama nisingekuwa na heshima ningemnyoa yeye siku hiyo. Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti amemfunga mbwa wake kwa kitambaa alichojivua kichwani. Yule nguruwe tuliyemjeruhi walimtafuta mpaka adhuhuri, Afande ndiye aliyemmaliza, na hakuna aliyeniangalia. Siku ile chai haikunyweka.

Jumatano yule mama akaja mlangoni kwangu. Nilishindwa kumtazama usoni kwa ajili ya mbwa wake, nikawa natazama viatu vyake. Akasema maneno mengi, ya kunipoza bila shaka, nikamjibu ndiyo, ndiyo mama, nimeelewa. Akaenda zake.

Jumamosi nikatoka kama kawaida, nikaenda kituo cha mafuta tunapokutana, na chupa yangu ya maji na mfuko wa unga. Hakuna mtu. Jumamosi ya pili hakuna mtu, dada wa pampu akanitolea kiti. Jumamosi ya tatu nilikuta kiti kimeshawekwa. Basi nimeelewa, mshauri, wamenitupa na hawana ujasiri wa kuniambia.

Sasa mimi sibembelezi mtu. Jumamosi ijayo naingia matete yale peke yangu na bunduki yangu nimtoe dume, nimburute mpaka barazani kwao wakiwa wanakunywa chai. Ninachoomba kwako ni haya: mtu anayeanza anahitaji mbwa wangapi, na nguruwe akikujia uso kwa uso unafanya nini, maana wale sikuwauliza, niliwaambia najua. Na uandike gazetini kwamba Afande alisema mpige.

Hakuna uongo hapa ila ule wa nguruwe kumi na mmoja. Shahidi wangu wa siku zote ni marehemu, kwa hiyo muulize dada wa pampu kuhusu kile kiti, na mengine muulize fundi cherehani, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ni mtu wa haki, hata kama hataki kuniona.

Msagaji Mstaafu

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa kuondokewa na mama watoto. Miaka miwili si kitu kwa nyumba iliyozoea watu wawili. Pole nimeshakupa, sasa kaa vizuri usome, kwa sababu kusoma unasoma.

Watu wengi wakinipa shahidi wanaomba Mungu nisimtafute. Mimi nilimpigia fundi cherehani siku ile ile. Nilipomtajia habari zako alipiga ukelele mpaka nikaiondoa simu sikioni: "Mzee wa unga! Yupo? Mzima? Sisi tulijua ametususa!"

Ile Jumatano hakuja kukupoza. Alikuja kukuambia mambo mawili. La kwanza, Utajua anapona, ameshonwa na bwana mifugo na ameanza kubweka. La pili, mwenye kituo cha mafuta amekataza mbwa karibu na pampu zake, kwa hiyo kuanzia sasa mnakutana nyuma ya ghala la mbolea. Anasema alikurudilia maneno hayo mara mbili kwa sababu ulikuwa umeinamisha kichwa na redio inanguruma. Ukamjibu umeelewa. Jumamosi ya kwanza walikungoja mpaka mbwa wakaanza kugombana wao kwa wao. Ya pili walikungoja. Ya tatu kinyozi akasema, "Mzee ana kiburi, tumwache," wakaondoka. Na wewe muda wote huo umekaa kwenye kiti cha dada wa pampu, barabara mbili tu kutoka walipo.

Hakuna anayenong'ona, baba. Huwasikii. Nilimuuliza daktari wa masikio, akaniambia anayeishi na mngurumo wa mashine miaka arobaini hupoteza kwanza sauti nyembamba, kama "s" na "sh". Toa "sh" kwenye "mpishe" uone kinachobaki. Pengo lile akili hulijaza yenyewe, na akili ya mtu aliyeshika bunduki hujaza neno linalotaka kupiga. Afande alisema mpishe. Siandiki vinginevyo.

Na mama watoto hakuwa kasuku. Alijua miaka yote hiyo, akakubebea, na hakukuaibisha mbele ya mteja hata mmoja. Ulimtania, akacheka, akaendelea kukurudishia dunia neno kwa neno. Lia kama hujalia. Lakini usitake watu wengine wote wakufanyie kazi ile bila kuwaambia kwamba ipo.

Sasa nakugombeza. Ule uongo wa nguruwe kumi na mmoja ndio uliompasua mbwa. Mgeni wa kazi angewekwa ubavuni mwa Afande, angeonyeshwa kwamba jike akitoka usikimbilie kupiga, tazama nyuma yake kwanza. Wewe ulijipandisha cheo, ukawekwa peke yako kwenye kichuguu. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na wewe ulijinyima maswali ili upate sifa. Mtu wa umri wako!

Umeniuliza nguruwe akikujia uso kwa uso unafanya nini. Nilimuuliza Afande kwa niaba yako. Alicheka kwanza, kisha akasema: humkimbii kwa mstari ulionyooka, unajitupa nyuma ya mti au unapanda juu ya kitu, na mwenzako ndiye anayepiga. Mwenzako, mzee. Wa kwenda peke yake hakuwa na jibu la kumpa. Na idadi ya mbwa usiniulize, mbwa hawapewi mtu asiyesikia wanabweka upande gani.

Basi fanya hivi. Bunduki uipeleke kituo cha polisi kesho, pamoja na karatasi zake, waitunze mpaka masikio yapimwe. Mwandikie binti yako, si umwambie, mwandikie: "Sikuwa nakusikia kwenye simu, nikawa naitikia tu. Nisindikize kwa daktari wa masikio." Ujumbe wake mfupi utarefuka siku hiyo hiyo. Kwa fundi cherehani nenda mikono mitupu, mtazame usoni, muombe radhi kwa ajili ya Utajua, kisha useme mbele ya wote kwamba hujawahi kuua nguruwe hata mmoja. Kinyozi atakucheka, mwache acheke, kisha muulize amecheka nini. Msimu huu wote utembee nyuma ya Afande na mfuko wako wa unga, kazi yako iwe upepo, na mkubaliane ishara za mkono: kiganja juu maana yake apite. Afande amekubali. Nilimwomba arudie, akarudia.

Ni nyuma ya ghala la mbolea, Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimekuandikia ili usiseme hukusikia.