Gurudumu la Kumi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Hujambo wewe, na wifi yangu anaendeleaje? Mgongo wake umepona, au bado anajifanya hauumi ili aendelee kunyanyua magunia ya unga? Mwambie nimesema apumzike, na asipokusikia wewe, mwonyeshe mwandiko wangu. Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi tu. Akishuka anasema halina neno. Baba ni mzima kabisa. Meno ya bandia niliyomtengenezea yamemkaa vizuri, ila ana tabia ya kuyatoa mbele ya wageni ili waone kazi ya binti yake, na Mama anatamani ardhi ipasuke aingie.

Najua unashangaa kupata barua ndefu kutoka kwa mtu ambaye hata ujumbe wa simu anauandika kwa maneno manne. Kuna jambo nataka kukuambia. Kwa simu nimejaribu mara mbili, zote nikaishia kukuuliza kama huko mvua imenyesha. Jambo lenyewe nimeliweka mwisho, na tafadhali usirukie huko. Nakujua, hata vitabu vya shule ulikuwa unaanzia ukurasa wa nyuma.

Nianze na Baba. Alipostaafu kule karakana ya reli, alikaa nyumbani wiki mbili akigonga vitu. Unajua tena, miaka thelathini na moja mtu anapita kando ya treni na nyundo ndefu, anagonga kila gurudumu na kutega sikio kama lina ufa, hawezi kuacha kwa sababu tu amepewa saa ya ukutani na cheti. Aligonga masufuria. Aligonga tangi la maji. Alimgongea jirani geti lake, akamwambia bawaba ya juu ni mgonjwa, na kweli siku ya nne ikakatika. Mama alipoona zamu ya vikombe vyake inakaribia, alipanda kwenye kiti, akashusha lile sanduku kutoka juu ya kabati, akampa apate shughuli.

Sanduku gani, unalijua. Ile treni ndogo ya plastiki ya kuunga vipande, mliyoianza wewe na Baba ukiwa na miaka kumi na miwili. Baba alitandaza gazeti kwenye meza ya kulia, akapanga vipande vyote kwa mistari, akahesabu magurudumu. Yako tisa, kama yalivyokuwa siku ile. Akatikisa kichwa, akasema huyu Bwana Tisa wetu sijui yuko wapi sasa hivi.

Kaka, tusidanganyane. Najua kwa nini huji nyumbani. Siku wakwe zako walipokuja kutusalimu, Baba aliwasimulia jinsi mtoto wake alivyopoteza gurudumu la treni ndani ya chumba kilichofungwa, na jinsi alivyopata jina la Bwana Tisa. Wote walicheka, na wifi naye alicheka. Wewe ulitabasamu midomo imefungwa, ukaenda kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo lolote. Tangu hapo ni mwaka wa tatu. Kila ukitarajiwa, oveni ya duka imeharibika. Mimi si mwokaji mikate, lakini sijawahi kusikia oveni inayoharibika kila ifikapo likizo.

Basi nikapanga mpango wangu. Nikasema treni hii ikipata gurudumu la kumi, lile jina litakufa, na wewe utarudi. Na mtu wa kulitengeneza hilo gurudumu nani, kama si mimi ninayetengeneza vinywa vya watu?

Kazini kwetu kazi inakwenda hivi. Tunachonga fizi kwa nta, tunaizika nta ndani ya plasta, tunapasha moto, nta inayeyuka na kutoka, inabaki nafasi yenye umbo la fizi. Nafasi hiyo ndiyo tunayoijaza. Miaka sita nimefanya hivyo, mikono imezoea mpaka haiulizi. Kwa gurudumu nilinunua ule udongo laini wa rangi rangi wa mafundi wa mapambo, usiokauka kwa upepo, mpaka uutie kwenye oveni ndipo unakuwa mgumu. Nilikusudia kupata kalibu kwa kulikandamiza gurudumu moja zima kwenye udongo huo, halafu kwenye kalibu hiyo nitoe pacha wake.

Jumamosi mchana Baba alikwenda kwa kinyozi. Nikachukua gurudumu moja kati ya tisa, nikalipaka poda lisinate, nikalikandamiza uso chini kwenye udongo, nikautia udongo kwenye oveni ya Mama. Pamoja na gurudumu ndani yake.

Najua umeshika kichwa. Mikono yangu ilifuata mazoea ya nta, ambayo tunaiacha ndani makusudi. Lakini hii haikuwa nta, ilikuwa plastiki, tena plastiki pekee ya aina yake nyumbani humu. Haukupita muda Mama akapaza sauti kutoka uani akiuliza ni nani anayepika ndoo. Nilipofungua oveni, gurudumu lilikuwa limelala kama yai kwenye kikaango. Nikakaa sakafuni pale pale. Nilikuwa nimekwenda kutafuta la kumi, nikarudi na manane.

Kukata tamaa nilikata, lakini kwa dakika kumi tu. Nikachukua gurudumu jingine, nikalikandamiza, na safari hii nikalichomoa taratibu kwa ncha ya sindano, nikaoka kalibu tupu. Nusu saa, moto wa wastani, halafu nikaiacha ipoe yenyewe. Ikatoka ngumu safi, hata spoki zimechorwa humo. Sasa kujaza udongo mpya. La kwanza nilikandamiza kwa woga, likatoka bila spoki, kama kifuniko cha chupa. La pili nilifanya uchoyo wa poda, nusu likabaki kwenye kalibu. La tatu likatoka na spoki zake zote kumi na mbili! Nikalipunguza kingo kwa kisu cha kazini, nikalioka, nikarudia tena kwa ajili ya lile marehemu. Nikayapaka yote kumi rangi nyeusi, ya zamani na mapya, mpaka mimi mwenyewe sikuyatofautisha. Nilijipigia makofi jikoni peke yangu.

Jumapili baada ya chai niliyapanga mbele ya Baba, kumi, nikasubiri sifa. Alichukua kijiko cha chai, akashika gurudumu la kwanza kwa vidole viwili karibu na sikio, akaligonga.

Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Macho ya Baba ningeyadanganya, lakini nilisahau masikio yake.

Aligonga la kwanza, la pili, la tatu, kila moja analikubali kwa kichwa. La nne akaligonga mara mbili, akaliweka pembeni. Akaendelea. La nane nalo pembeni. Kisha akaniambia kwamba mgeni mmoja alimtarajia, kwa sababu kuhesabu anajua, na anashukuru sana. Ila hapa kuna wageni wawili, sasa huyu wa pili amekuja kumrithi nani? Ikabidi nimweleze habari ya oveni. Kaka, alicheka mpaka akashika meno kwa mkono. Alisema wewe angalau ulipoteza gurudumu kimya kimya, mimi la kwangu nimelichoma mpaka mtaa mzima ukasikia harufu. Akatangaza kwamba kama wewe ni Bwana Tisa, basi mimi ni Bibi Nane. Mama naye akacheka mpaka akasahau goti.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kucheka nao. Nilifungua mdomo nicheke, nikalia.

Sasa ndilo lile jambo. Gurudumu la kumi hukulipoteza wewe. Nililichukua mimi.

Nilikuwa na miaka sita. Uliondoka mezani kwenda kumwomba Baba gundi, nami nikalichukua nikakimbia nalo nyuma ya bafu, kwenye duka langu la biskuti za matope. Nilitaka biskuti zangu ziwe na maua. Unazikumbuka? Nilikuletea tatu juu ya kipande cha kigae, ukajifanya unatafuna, ukasema zenye maua ni tamu kuliko zile za kawaida. Lile ua lilikuwa spoki za gurudumu. Kisha nikaingia bafuni kuliosha nilirudishe, vidole vina sabuni, likaniponyoka likaingia kwenye tundu la maji. Nilisikia linavyogonga bomba likishuka. Mpaka leo nikisikia kitu kidogo kinadondoka bafuni, moyo unaruka.

Nilipotoka, Baba alikuwa anahesabu na wewe ulikuwa chini ya meza unatafuta. Na mimi nikaingia chini ya meza nikatafuta na wewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilianza kulia, wewe ukanifuta machozi kwa shati lako, ukaniambia nisijali, litaonekana. Halafu Baba akasema mtu asiyeweza kutunza kitu kidogo hapelekwi kwenye vitu vikubwa, na likizo ile hukwenda naye karakana kama alivyokuahidi. Viatu ulikuwa umeshavisugua. Vilikaa mlangoni wiki nzima, nami nilikuwa navizunguka nikipita. Treni hukuigusa tena.

Kila mwaka nilisema mwaka ujao nitasema. Baadaye ikawa jina la utani, nikajifariji kwamba kinachochekesha hakiumizi. Siku ya wakwe zako niliuona uso wako, nikajua nimejidanganya. Nisamehe, Kaka. Sina la kujitetea. Nilikuwa mtoto siku ile, lakini miaka mingine yote nilikuwa na akili zangu timamu.

Haya yote niliyasema pale mezani. Mama aliweka mkono mgongoni kwangu, hakuuondoa. Baba alikiweka kijiko mezani. Kisha akasema kwamba kwa miaka thelathini na moja hajawahi kulikataa gurudumu bila kuligonga, tena akilitilia shaka anarudia mara ya pili na ya tatu, lakini mtoto wake mwenyewe alimkataa bila kumgonga hata mara moja. Akavua miwani, akaifuta, na ilikuwa safi.

Amejaribu kukuandikia. Karatasi tatu nimezikuta kwenye pipa, zote zinaishia kwenye jina lako, lile halisi. Ameniomba nikuandikie kwamba anakuomba msamaha. Neno ni lake, alilitamka mwenyewe mbele ya Mama, mimi sijaongeza chumvi.

Treni imekamilika, ipo juu ya kabati la vyombo, ila imevaa magurudumu tisa. Nilimuuliza kwa nini hajaweka la kumi, akanipa mkononi, akaniambia nilitie kwenye bahasha yako. Ndilo hilo kwenye pamba. Ni moja ya yale mawili niliyotengeneza, kwa hiyo ukiligonga likatoa sauti nzito usishtuke, halina ufa. Baba anasema treni haiondoki na magurudumu tisa. Tena anasema usilirudishe kwa posta. Likija kwa posta, atalirudisha huko huko.

Msalimie sana wifi yangu. Chumba cha mbele Mama ameshatandika, ingawa nilimwambia hata barua bado sijaipeleka. Njoo na mkate wako, maana oveni yetu bado inanuka ndoo, na njoo unigombeze ana kwa ana. Nitakuwa chini ya meza.

Mdogo wako akupendaye,

Bibi Nane