Kibuyu Nisichokumbuka Kukijaza

Jumatano, Kapsoya. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeshuka hadi langoni. Baridi ya namna hii huanza na vidole vyangu.

Leo nimeogopa. Niseme mapema, nisije nikajificha nyuma ya maneno.

Saa nne asubuhi nilikuwa nikitafuta ufagio nyuma ya mlango wa stoo, nikakuta kibuyu kimejaa mursik, maziwa yetu ya mgando. Umeiva sawasawa, na mkaa umeenea hadi maziwa yamekuwa ya kijivu. Nikaonja. Ni wa siku tatu hivi, na ladha ni ya mkono wangu.

Sikumbuki kuutengeneza.

Kusugua kibuyu kwa kijiti chenye makaa si kazi ya dakika mbili, hasa kwa viungo kama vyangu, ambavyo kinga ya mwili wangu mwenyewe ilianza kuvishambulia miaka mingi kabla ya Covid. Mume wangu hajui hata kibuyu huoshwaje, na binti yetu Chebet yuko shule ya bweni. Nikatazama kucha zangu. Mbili bado zina weusi.

Nilisimama pale nikiisikiliza nyumba, kana kwamba sikuwa peke yangu.

Covid yenyewe nilipona, lakini uchovu na ukungu wa kichwani vikabaki. Daktari alisema huenda mwili hautulii kwa sababu kinga yangu ilikuwa na matatizo tangu awali, na kwamba ni vigumu kujua ugonjwa upi unaishia wapi. Akaniuliza kama ninasahau mambo. Nikasema hapana. Mwalimu wa hesabu akikiri kwamba siku zinampotea, nani atamrudishia darasa? Ni kiburi tu.

Halafu nikahesabu siku kurudi nyuma. Jumapili. Hiyo ndiyo siku ya vidonge vyangu vya viungo, ambavyo humezwa mara moja tu kwa wiki. Nilionywa kwamba kuvirudia kunaweza kuniua. Nilikimbilia kabati. Pakiti ya mwezi mzima haikuwepo. Nilipekua hadi pipa la taka. Nikaiwazia mikono hii, iliyosugua kibuyu bila mimi, ikifungua pakiti na kunilisha.

Nikampigia mume wangu dukani kwake mjini, anakouza mbolea na dawa za mifugo. Nilimwambia kila kitu: ninasahau, nilimdanganya daktari, dawa sizioni, huenda nimezimeza zote.

Nikasikia droo ikivutwa.

"Mama Chebet, si uliniambia hii maneno yote Jumapili? Ulimeza za hiyo siku mbele yangu, zingine ukanipea niweke. Ziko hapa kwa droo. Ijumaa nakupeleka kwa daktari. Si ni wewe ulisema nisikuulize tena mpaka hiyo siku?"

Nilikaa sakafuni kwa nafuu. Lakini nywele zimenisimama hadi sasa ninapoandika.

Mwanamke aliyekuwa humu Jumapili alisema ukweli ambao mimi nimeukalia kwa miezi. Sijui alitoka wapi, wala atarudi lini. Nimeshinda nikimwogopa, kumbe yeye ndiye aliyenilinda.

Ijumaa daktari ataniuliza tena kama ninasahau. Natumaini yeye ndiye atakayejibu.