Mnazi Una Mwenyewe

Jumapili, mwezi wa saba. Mwaka wa nne tangu nitoke Makete. Kipupwe.

Upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri. Watu wa mjini wamevaa masweta na kujifunga vitambaa masikioni. Kwa kawaida huwa nawacheka, maana baridi ya kwetu ni ile inayounguza majani ya viazi yakawa meusi. Leo nilitetemeka pamoja nao. Naona ni uchovu. Wiki nzima nimebeba mawe na kukoroga chokaa kwenye nyumba ya zamani tunayoikarabati Mji Mkongwe, na mgongo wangu haujui kama leo ni Jumapili.

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kuliona shamba letu kwa mara ya kwanza.

Nasema letu. Aliyenunua ni Haji, fundi ninayemsaidia kazi. Mimi nimechangia, na karatasi ina jina lake kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji. Tumekubaliana nijenge upande mmoja, nimlete mke wangu, Mama Neema, na mtoto wetu. Miaka yote hii nalala chumba cha wanaume watupu, kila mtu na ndoo yake na kufuli lake. Shamba hilo ndilo lililonifanya nivumilie.

Tulipita msitu wa Jozani kwa vespa ya Haji, tukaiacha kwenye nyumba za mwisho za kijiji, tukaingia porini kwa miguu. Wenyeji wanakuita huko maweni, na ni mawe kweli. Jiwe la matumbawe lenye ncha, linakata kandambili. Miiba inatoka kwenye nyufa. Udongo uko hapa kiganja kimoja, pale kiganja kimoja. Hakuna nyumba, hakuna njia. Ni upepo tu, na kima wakirukaruka mbali.

Nilisimama nikajiuliza: ni hapa?

Kwetu udongo ukiuchimba unazama mpaka kiunoni. Nilitaka kulia. Nasema kweli.

Haji alinitazama, akaona. "Usivunjike moyo, Zekieli. Jiwe ndiyo nyumba yenyewe hii, msingi umeshachimbwa na Mungu." Akacheka peke yake. "Ningoje hapa, nnakwenda kumwarifu sheha kuwa tumefika. Usiguse kitu."

"Hata jani?"

"Hata jani, bwana. Huku si bara."

Akaenda. Mimi nikabaki na shoka lake.

Mtu aliyezoea kibarua hawezi kukaa mikono mitupu, hasa kwenye baridi. Nilizunguka, nikapata mahali pamoja palipo sawa, panapotosha chumba na ukumbi. Katikati palikuwa na mnazi mmoja mfupi, makuti yake ya manjano, hauna hata kidaka cha nazi. Nikadhani umejiotea. Ulisimama palepale nilipouona mlango wangu.

Nikaukata.

Uliangukia vichakani. Nilifurahi, mwili umepata joto. Nilikuwa naanza kupasua makuti nikasikia mtu anapiga hodi nyuma yangu. Sikujua kama porini pia hupigwa hodi.

Walikuwa wanawake wawili wenye mizigo ya kuni kichwani, mmoja mtu mzima sana, mwingine kijana.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba." Alitua kuni zake polepole. "Nani kakwambia ukate?"

"Shamba letu hili, Bi. Tumelinunua."

"Mmenunua mawe. Huo mnazi mmeununua kwa nani?"

Yule kijana, ambaye baadaye nilijua anaitwa Asha na ni mkwewe, akasema, "Wabara hawa, Mama. Wakiona mti wanaona kuni."

"Nyamaza, Asha."

Bibi akakaa chini kando ya kisiki. Hakupiga kelele. Alianza kuokota vipande vya magome, kimoja kimoja, akiviweka kwenye kanga. Hapo ndipo nilipotazama chini nikaona udongo uliozunguka mti ule. Ulikuwa mweusi, umechanganywa na majivu, umezungushiwa mawe madogo usichukuliwe na mvua. Udongo wa namna ile haukuwepo mahali pengine popote pale maweni. Mimi nabeba udongo kila siku ya kazi, na sikujiuliza ule umebebwa na nani.

Haji alirudi na sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini. Haji aliona kisiki, akashika kichwa.

"Zekieli! Nilikwambiaje?"

Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa ajili yangu. Kisiwani hapa ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Ukiuza ardhi hujauza mti alioupanda jirani yako. Mnazi ule aliupanda bibi huyu, Bi. Mwanakhamis, siku alipozika kitovu cha mwanawe wa mwisho. Mwanawe yuko Uarabuni, na simu zake zimekuwa za nadra, kisha zimekatika. Hakuna ajuaye kama yu mzima. Mnazi haukurefuka wala haukuzaa kwa sababu ya mawe, lakini ulikuwa hai, na bibi alikuwa akienda kuutazama.

Haji akaanza habari za fidia. Bibi alimnyamazisha kwa mkono.

Nilipiga magoti juu ya yale mawe. Nikasema, "Bi, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua," akasema. "Lakini umekata."

Sheha alinivuta pembeni. Hakuwa mkali. Alisema kisima cha karibu ni cha kijiji, na kijiji ni watu wa Bi. Mwanakhamis. Mtu anaweza kuwa na karatasi na akakosa wa kumpa maji, wala wa kumzika.

Mwishowe bibi mwenyewe alitamka. Atanipa mche. Shimo nichimbe mimi, udongo nibebe mimi, maji nilete mimi kila Jumapili mpaka vuli inyeshe.

"Mimi nitamwagilia kwa niaba yake," Haji akasema. "Huyu mwisho wa mwezi anakwenda kwao, mtoto wake anapata kipaimara."

"Mkono uliokata ndio utakaopanda."

"Bi, mtoto ni mmoja tu," nikasema.

Bibi akavifunga vile vipande kwenye kanga. "Basi nenda, baba. Sikukatazi. Ila usirudi hapa."

Nimeshafika mjini. Mikono inanuka utomvu wa mnazi ingawa nimeiosha kwa sabuni. Sheha amenipa mpaka Jumapili ijayo kujibu, lakini jibu ninalo, na linaniuma.

Nikienda kwenye kipaimara, Neema atanishika mkono siku moja, tutapiga picha, kisha nitarudi kwenye chumba cha wanaume na ndoo zao, na mwanangu ataendelea kukua akiwa na baba wa kwenye simu. Nikibaki, nitaikosa siku yake ambayo haitarudi tena, ili huenda tukaishi pamoja siku zote zitakazofuata. Huenda. Mche unaweza kufa. Jiwe ni jiwe.

Sipendi hesabu hii. Wala sijui kama ni ya haki kwa mtoto.

Nilipokuwa napasua makuti nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Neema, kurasa hizi nazituma nyumbani kama zote, na najua wewe ndiye unayezisoma kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha unamsomea mama yako. Nitapiga simu kesho asubuhi, msikie kwa sauti yangu. Kipaimara kitapita bila mimi. Nunua viatu vyeupe ulivyovitaka, umwambie mchungaji baba yako anapanda mti.

Vuli ikinyesha, mche ukishika, napanda boti. Nitegemeeni Krismasi.